Johnny Hakuwa Mjinga: Historia ya Kufuli la Barua Pepe

Wiki ya majaribio imepita na tumebaki hai, kwa hiyo leo naweka pembeni habari za madesa na bumu, nawaletea stori ya historia. Si ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya kitu ambacho wengi wetu hatujui hata kama tumekikosa: kufuli la barua pepe. Kufuli hilo lipo tangu mwaka 1991, lilitolewa bure kabisa, na bado ukizunguka hosteli nzima kuuliza nani analitumia utapata mtu mmoja, labda wawili, na wote watakuwa wanasoma kompyuta. Kwa nini? Jibu la haraka ambalo washikaji wa kompyuta hupenda kulitoa ni kwamba watu wa kawaida ni wavivu, hawajali siri zao. Mimi nasema hapana, na historia yenyewe ndiyo shahidi wangu.

Kwanza tuelewane. Barua pepe tangu ianze ilikuwa kama kadi ya posta, siyo barua ndani ya bahasha. Kila aliyekaa njiani angeweza kuisoma. Baadaye njia zikaanza kuzibwa, mfano Januari 2010 Gmail iliifanya njia iliyofungwa kuwa ndiyo ya kawaida kwa kila mtumiaji, kwa hiyo jamaa anayechungulia mtandao wa intaneti kafe hakuweza tena kusoma kirahisi unachoandika. Lakini hapo imefungwa njia tu, barua yenyewe haijafungwa. Ikishafika kwenye seva ya kampuni, kampuni inaweza kuisoma, na yeyote mwenye uwezo wa kuibana kampuni naye anaweza kuisoma. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye barua pepe kata ni seva. Kufuli ninalolizungumzia leo ni lile linalofungwa kwenye kompyuta ya anayeandika na kufunguliwa kwenye kompyuta ya anayesoma, katikati hapo kila mtu anaona fumbo tu.

Kuna atakayeuliza, wa nini huo usiri wote, sisi majambazi? Haya, fikiria dada mwenzetu anataka kumwandikia wakili kuhusu mhadhiri anayemdai rushwa ya ngono. Fikiria karani wa ofisi ameona risiti za kughushi na anataka kumtumia mwandishi wa habari. Fikiria mgonjwa anamwuliza daktari wake jambo ambalo hata ndugu zake hawalijui. Hao si watu wa kompyuta. Lakini ndio wenye barua ambayo ikivuja mtu anapoteza kazi, masomo, au zaidi ya hapo. Sasa kama kufuli linawezekana kutumiwa na wanaosoma kompyuta peke yao, basi halijamsaidia anayelihitaji.

Tuanze mwaka 1976. Pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, jamaa wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha makala iliyopindua elimu ya mafumbo. Kabla yao, ukitaka kumwandikia mtu kwa siri ilibidi mkutane kwanza mpatane neno la siri, au umtume mtu mnayemwamini alipeleke. Wao wakasema si lazima. Mwaka uliofuata, 1977, watu watatu wa chuo cha MIT, yaani Rivest, Shamir na Adleman, wakapata hesabu iliyolifanya wazo hilo lifanye kazi, ikaitwa RSA kwa herufi za majina yao. (Mwaka 1997 ndipo ikatangazwa kwamba wataalamu wa idara ya ujasusi ya Uingereza walikuwa wameshagundua mambo hayohayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakayakalia kimya!)

Wazo lenyewe si gumu likielezwa vizuri. Chukulia una makufuli mia, yote yako wazi, na yote yanafunguliwa na ufunguo mmoja ulio mfukoni mwako. Makufuli unayagawa ovyo, kwa rafiki, kwa adui, hata ukiyatundika kwenye ubao wa matangazo hakuna shida. Mtu akitaka kukuandikia anaweka barua kwenye sanduku, anachukua kufuli lako, anabana, basi. Hata yeye mwenyewe aliyebana hawezi kulifungua tena. Ni wewe tu.

Umeelewa? Naamini umeelewa. Sasa angalia walivyoyaita. Kufuli wakaliita "ufunguo wa umma", na ufunguo wakauita "ufunguo binafsi". Vyote viwili funguo! Kwa Kiswahili kosa linaonekana palepale, maana ufunguo umetokana na kufungua, halafu unaambiwa kuna ufunguo ambao kazi yake ni kufunga na hauwezi kufungua kitu. Wanahesabu hawakuona tatizo, kwao ni namba mbili tu zinazofanana. Lakini jina hilo lilikuja kuwasumbua watu kwa miaka mingi, kama tutakavyoona.

Tusogee mpaka 1991. Bunge la Seneti la Marekani lilikuwa na muswada namba 266, ulioletwa na Seneta Joe Biden (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais), wenye kipengele kinachotaka vyombo vya mawasiliano viiwezeshe serikali kupata maneno ya watu bila fumbo pale sheria inaporuhusu. Kipengele kile hakikupita, lakini kilimshtua mtu mmoja wa Boulder, Colorado. Anaitwa Phil Zimmermann, mtaalamu wa programu na mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia. Akajifungia kuandika programu ya kufumba barua, mpaka mwenyewe alisema alikosa kulipa mkopo wa nyumba mara tano. Juni 1991 akaitoa bure. Akaiita PGP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "faragha nzuri kiasi chake", kwa utani tu, kutokana na duka la kubuni kwenye kipindi cha redio cha Garrison Keillor.

Programu ikavuka mipaka ya Marekani haraka, na hapo soo likaanza. Wakati ule sheria za Marekani ziliihesabu programu ya kufumba kuwa ni silaha, kundi moja na mabomu, kuipeleka nje bila kibali ni kosa la jinai. Mwaka 1993 Zimmermann akaanza kuchunguzwa. Miaka mitatu jamaa anaishi na hofu ya jela. Katika kipindi hicho alifanya ujanja mmoja mtamu sana: mwaka 1995 shirika la uchapishaji la MIT lilitoa kitabu chenye msimbo wote wa PGP, ukurasa kwa ukurasa. Programu kwenye diski ni silaha, lakini kitabu ni kitabu, na katiba yao inalinda uhuru wa kuchapisha. Nani angethubutu kuzuia kitabu kisitoke nje? Januari 1996 uchunguzi ukafutwa bila kesi kufunguliwa.

Hapa ndipo hadithi nyingi za PGP huishia, shujaa kashinda, serikali imenywea, makofi. Lakini kwa maoni yangu hapa ndipo historia yenyewe inapoanza. Kwa sababu sasa kufuli lipo, ni halali, hesabu zake ni imara, hakuna anayelikataza... na watu bado hawalitumii.

Swali hilo walilishika watu wawili, Alma Whitten wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Doug Tygar wa Berkeley. Walichukua PGP 5.0, toleo ambalo lilisifiwa kwamba lina madirisha na vitufe vizuri na lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Wakawaalika watu 12, watu waliosoma, wazoefu wa barua pepe. Wakawaambia: wewe ni mratibu wa kujitolea kwenye kampeni ya uchaguzi, hii hapa ratiba ya siri ya mgombea, watumie wenzako wa kampeni kwa barua iliyofumbwa na yenye sahihi yako. Kila mtu akapewa dakika 90. Dakika tisini wadau, mechi nzima ya mpira bila mapumziko.

Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Theluthi moja tu, watu 4 kati ya 12, walifaulu kufumba na kusaini sawasawa. Watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi, bila kufumbwa, kwa bahati mbaya. Na sehemu inayonigusa zaidi ni hii: watu saba walifumba barua kwa kutumia ufunguo wa umma wa kwao wenyewe badala ya ule wa wanayemwandikia. Yaani walilibana sanduku kwa kufuli lao, wakampelekea mwenzao ambaye hana ufunguo. Mmoja alifikia hatua ya kuwatengenezea wenzake wote funguo yeye mwenyewe, kila mmoja na zake.

Hebu fikiri kidogo kabla hujacheka. Je, walikosea wapi? Ukiambiwa "hii ni funguo yako, itumie kufunga mambo yako", utafanya nini? Utafunga kwa ya kwako! Nyumbani ufunguo unaofunga mlango ndio huohuo unaoufungua. Wale saba walifanya kile ambacho neno lenyewe liliwaambia wafanye. Hawakuwa wavivu, walihangaika saa nzima na nusu. Hawakuwa wajinga pia. Kilichochemsha ni maneno na michoro ya programu. Kwenye kioo kulikuwa na picha za funguo na picha ya kalamu ya manyoya kwa ajili ya kusaini, na hakuna hata moja iliyomwambia mtu kwamba kinachotakiwa ni kufuli la mwenzio.

Makala yao waliipa jina linalouliza kwa nini Johnny hawezi kufumba, wakicheza na jina la kitabu maarufu cha Rudolf Flesch cha mwaka 1955 kilichouliza kwa nini Johnny hawezi kusoma. Tangu hapo "Johnny" akawa jina la mtu wa kawaida kwenye utafiti wa usalama wa kompyuta. Na jambo kubwa walilosema Whitten na Tygar ni kwamba usalama si kama kazi nyingine za kompyuta. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo nataka kufumba. Anataka kutuma barua. Usalama ni kitu cha pembeni anachotegemea kipo tu. Halafu ukikosea, hakuna kurudi nyuma: siri ikitoka imetoka, huwezi kubofya kitufe ikarudi.

Kuna tatizo jingine ambalo hata mfano wangu wa makufuli hauliondoi. Umeliokota kufuli limeandikwa jina la wakili wako. Utajuaje kama ni lake kweli na si la tapeli aliyeandika jina hilo? Watu wa PGP walijibu kwamba marafiki wathibitishane, mimi namthibitisha wewe, wewe unamthibitisha yule, mpaka utando ukamilike. Wakafanya hata mikutano ya kukutana na vitambulisho mkononi kuthibitishiana funguo. Kwa wapenzi wa kompyuta ilikuwa burudani. Kwa yule dada mwenye shida yake, atampata wapi mtu wa kumthibitishia wakili saa nne za usiku?

Maofisi makubwa yalikwenda njia nyingine iitwayo S/MIME, ambapo kuna taasisi inayotoa vyeti, kama kitambulisho kinavyotolewa na serikali. Iliingizwa ndani ya programu za barua kama Outlook. Inafanya kazi vizuri pale penye ofisi na fundi wa kompyuta wa kuwasimikia wafanyakazi wote. Ukiwa mtu binafsi, ni wewe na cheti chako.

Mwaka 2005 Simson Garfinkel na Robert Miller wa MIT walirudia jaribio la Johnny kwa mtindo mwingine. Badala ya kumfundisha Johnny habari za funguo, programu ikawa inaziambatisha na kuzikumbuka yenyewe, na mtumiaji anaonyeshwa rangi tu: huyu ni yuleyule wa jana, huyu amebadilika, kuwa makini. Watu wakafanya vizuri zaidi kuliko Johnny wa kwanza. Kwa hiyo mwelekeo ulishajulikana tangu mwaka huo. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliwakalisha watu 20 wawili wawili, jozi 10, wakawapa programu ya kisasa ya PGP iitwayo Mailvelope na saa moja ya kuandikiana. Jozi moja tu ndiyo ilimaliza. Moja! Miaka 16 tangu 1999, kompyuta zimekuwa nyepesi, simu zimeingia mifukoni, Johnny bado yupo palepale mlangoni.

Na msidhani haya ni mambo ya maabara tu. Desemba 2012 mwandishi Glenn Greenwald, aliyekuwa akiishi Rio de Janeiro, alipata barua pepe kutoka kwa mtu anayejiita Cincinnatus akimwomba aweke PGP ili waongee. Greenwald alikuwa na mambo mengi, akaona ni kazi ngumu, akaahirisha. Yule mtu akamtumia maelekezo ya hatua kwa hatua. Kimya. Akamtengenezea hadi video ya kumfundisha. Kimya bado. Cincinnatus akachoka, Januari 2013 akamtafuta Laura Poitras, mtengeneza filamu aliyekuwa anajua kufumba tayari, na kupitia kwake ndipo stori ikamrudia Greenwald. Cincinnatus alikuwa Edward Snowden, na Juni 2013 dunia ikasoma jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyokuwa likikusanya mawasiliano ya watu. Greenwald mwenyewe amesimulia haya kwenye kitabu chake cha mwaka 2014. Fikiria hapo wadau: mojawapo ya habari kubwa kuliko zote za karne hii ilikaribia kumpita mwandishi wake kwa sababu programu ilikuwa na hatua nyingi mno. Huyo ni mwanasheria na mwandishi mzoefu. Sembuse karani wetu mwenye risiti.

Na kama mnataka kichekesho, mwaka huohuo wa 2015 mwandishi mmoja alimtumia Zimmermann mwenyewe barua iliyofumbwa kwa PGP. Akajibiwa aitume tena bila kufumba, kwa sababu vifaa vyake havikuwa na toleo la PGP linalofanya kazi. Baba mzazi wa PGP!

Sasa basi, kulikuwa na njia ya mkato, na wapo walioipita mapema. Kama ufunguo unamsumbua Johnny, si tumtunzie sisi? Mwaka 1999 kampuni ya Hushmail ya Canada ilianza kutoa barua pepe iliyofumbwa ambayo unaifungua kwa neno la siri tu kama barua pepe nyingine. Rahisi, safi. Lakini mwaka 2007 ikajulikana kwamba kampuni hiyo, kwa amri ya mahakama ya Canada iliyotokana na ombi la Marekani, ilitoa CD 12 za barua za watumiaji zikiwa zimefumbuliwa. Ili mambo yawe mepesi, neno la siri la mtumiaji lilipita kwenye seva yao, na kinachopita kwenye seva kinaweza kunaswa. Kata imeujua tena mtungi.

Mwaka 2013 ikaja zamu ya Lavabit ya Texas, kampuni ndogo ya Ladar Levison, ambayo Snowden alikuwa mmoja wa wateja wake. FBI wakadai ufunguo mkuu wa seva, ambao ungewafungulia mawasiliano ya wateja wote, si ya mtu mmoja tu. Levison kwanza aliwapa ufunguo huo umechapwa kwenye karatasi 11 kwa herufi ndogo kiasi kwamba ilikuwa shida kuusoma. Mahakama haikucheka. Mwishowe, Agosti 2013, akaifunga kampuni yake kuliko kuendelea. Kwa hiyo tunaona mzani wenyewe: ukimwachia mtumiaji ufunguo, anashindwa kuutumia. Ukimshikia wewe, siku moja mtu atagonga mlango wako kuuomba.

Njia ya tatu ilikuwa ni kuuacha ufunguo kwa mtumiaji lakini asiuone kabisa. Mwaka 2014 watu waliokutana kwenye maabara ya CERN, Uswisi, walianzisha ProtonMail. Funguo zinatengenezwa kwenye kifaa chako, zinafungwa kwa neno lako la siri, na seva inahifadhi furushi lisilofunguka bila neno hilo. Ukimwandikia mwenzako mwenye Proton, barua inafumbwa yenyewe bila wewe kubofya chochote. Ukimwandikia wa Gmail, ukituma kwa kawaida inakwenda bila kufuli hilo. Na hata ndani ya Proton kuna visivyofichwa hivyo, kama mstari wa mada, na nani kamwandikia nani na lini. Mwaka 2021 kampuni hiyo ililazimishwa na amri ya Uswisi kurekodi na kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa. Barua zake hazikufunguliwa, lakini mtu alipatikana. Ni vizuri kujua kufuli linafunga nini na haliwezi kufunga nini.

Halafu ikaja siku ambayo Johnny aliweza, na hakujua. Tarehe 5 Aprili 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba ujumbe na simu zote za watumiaji wake, zaidi ya watu bilioni moja, zimefumbwa kutoka mwandishi hadi msomaji. Walitumia utaratibu wa Signal, uliotengenezwa na kikundi cha Moxie Marlinspike. Bibi yako kijijini, shangazi wa Muscat, kaka aliyeko Minnesota, konda wa daladala, wote siku ile wakaanza kutumia hesabu za ukoo mmoja na zile za Diffie na Hellman. Hakuna aliyefanya semina. Hakuna aliyetengeneza ufunguo. Kikatokea kijiujumbe cha kuwajulisha, wengi tukakipita, tukaendelea kutumiana picha za harusi.

Kwa nini WhatsApp iliweza kwa siku moja kile ambacho barua pepe imeshindwa miaka yote hiyo? Kwanza hawakumwuliza mtu swali. Hakuna kitufe cha "fumba" cha kusahau kubofya, kwa hiyo hakuna wale watu watatu wa 1999 waliotuma siri wazi. Pili, WhatsApp ina mwenye nyumba. Mwenye nyumba akibadilisha vitasa, nyumba nzima imebadilika. Barua pepe haina mwenyewe. Wa Gmail anamwandikia wa Yahoo, wa Yahoo anamwandikia wa chuo chetu, wa chuo anamwandikia wa wizara, kila mmoja na seva yake na programu yake. Ndio uzuri wake, hakuna tajiri mmoja anayeweza kukufungia barua pepe duniani kote. Na ndio ugumu wake, hakuna anayeweza kuwabadilishia wote kufuli kwa siku moja. Na tusisahau kwamba mwenye nyumba wa WhatsApp ni Facebook, siku hizi Meta, naye bado anaona nani anaongea na nani. Nakala unazohifadhi kwenye wingu nazo zilikuwa nje ya kufuli mpaka mwaka 2021 ulipoletwa uwezo wa kuzifumba, tena mpaka uwashe mwenyewe.

Watu wa barua pepe hawakukata tamaa lakini. Tangu mwisho wa 2016 kundi la watengeneza programu wakaanza Autocrypt, ambapo kila barua unayotuma inabeba kufuli lako kimyakimya, na programu ya mwenzako inalitunza. Ni wazo lilelile la 2005. Mwaka 2020 programu ya Thunderbird ikaingiza ufumbaji wa aina ya PGP ndani yake bila kuhitaji kuongeza kitu kingine. Kabla ya hapo, Mei 2018, watafiti wa Ujerumani na wenzao walikuwa wameonyesha udhaifu walioupa jina EFAIL, ambapo mvamizi aliyenasa barua iliyofumbwa aliweza kuichokonoa na kuituma tena, na programu ya mpokeaji ikishaifungua inamvujishia mvamizi maneno kupitia picha za kwenye barua. Hesabu za kufumba hazikuvunjwa. Kilichovuja ni mapambo ya barua. Hata kurahisisha kuna mitego yake.

Nikiitazama historia hii yote naona kitu kimoja. Kwa miaka 25 wataalamu waliuliza "tumfundisheje Johnny?" Waliandika miongozo, wakatengeneza video, wakafanya semina. Waliofanikiwa ni wale waliogeuza swali wakauliza "kwa nini tunamwuliza Johnny?" Kila mara mtumiaji alipobebeshwa hatua moja zaidi, waliopungua si wajanja wa kompyuta, hao wangefika tu. Waliopungua ni yule dada, yule karani, yule mgonjwa. Ugumu wa programu unachagua nani alindwe na nani aachwe, hata kama aliyeitengeneza hakukusudia.

Kwa hiyo wale mnaosoma kompyuta na mnaoandaa mradi wa mwaka wa mwisho, nawaomba jambo moja. Programu yako usimpe mwenzako wa darasani aijaribu, huyo mmeshakaririshwa maneno yaleyale. Mpe mama ntilie wa pale getini. Kaa kimya, usimwelekeze, mtazame. Akikwama, usiandike kwenye ripoti kwamba mtumiaji hakuelewa. Andika ni neno gani lilimkwamisha, kisha ulibadilishe.

Na sisi wengine, ukiwa na barua ya hatari, usiitume kwa barua pepe ya kawaida ukidhani iko kwenye bahasha. Kama wewe na unayemwandikia mnaweza kutumia Signal, au wote wawili mna Proton, tumieni hizo. Na mstari wa mada usiandike kitu.

Mwenye hoja tofauti anitafute kantini, nanunua chai, yeye alete chapati.